Sunburst, Bendi ya Roki kati ya Dar es Salaam na Zambia

Sunburst ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1970. Ilidumu miaka michache tu, na yote iliyoacha inaingia kwenye mkoba mmoja: santuri ndogo kadhaa, nyimbo zilizorekodiwa Radio Tanzania mwaka 1973, na santuri moja kubwa iitwayo Ave Africa, iliyotengenezwa Zambia mwaka 1976. Baada ya hapo bendi ilisambaratika. Haikupata nafasi ya kuzeeka jukwaani kama NUTA Jazz, wala ya kugawanyika mara tatu na kuungana tena mara nne, kama ilivyo desturi ya bendi za dansi nchini Tanzania.

Mwimbaji wake wa mbele alikuwa James Mpungo. Gitaa lilikuwa mikononi mwa Hembi Flory Kongo, na pamoja nao walikuwamo Bashir Idi Farhan, Kassim Magati na mmoja aliyejulikana jukwaani kwa jina la Johnny Rocks. Walikuwa mchanganyiko wa wenyeji na wageni, jambo la kawaida katika Dar es Salaam ya wakati huo, mji uliokuwa umejaa wakimbizi wa siasa, wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, wanafunzi kutoka nje na wanamuziki waliotoka Kongo kutafuta kazi. Muziki wao waliuita Kitoto. Ndani yake mlikuwa na roki, soul, jazi na midundo ya ngoma za nyumbani, na gitaa lililopigwa kwa sauti kali ambayo mpenzi wa rumba hakuizoea.

Sauti hiyo ya gitaa ina ukoo wake, na ukoo huo unaanzia mbali na Dar es Salaam. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kusini mwa California nchini Marekani, vijana waliokuwa wakishinda baharini wakiteleza juu ya mawimbi kwa mbao walijitengenezea muziki wao, roki ya mawimbi. Mara nyingi haukuwa na maneno. Gitaa la umeme ndilo lililoimba, haraka haraka, likiwa na mwangwi mzito kama linapigwa ndani ya pango. Aliyeufanya ujulikane ni Dick Dale, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Richard Monsour, mjukuu wa Walebanoni. Nyumbani kwao alikulia katika muziki wa Kiarabu, wa udi na darbuka, na mwaka 1962 alichukua wimbo wa zamani wa mashariki ya Bahari ya Mediterania, Misirlou, akaupiga kwa gitaa la umeme kwa kasi ya kutisha kwenye uzi mmoja. Msikilizaji wa taarabu anayeusikia wimbo huo kwa mara ya kwanza hapati tabu kuuelewa. Mwendo wa sauti zake ni ule ule wa udi unaosikika Unguja na Mombasa, ila umevalishwa umeme na kuongezewa spidi.

Mwangwi wenyewe ulitokana na kifaa rahisi kuliko mtu anavyodhani. Ndani ya sanduku la mbao mlikuwa na springi ndefu nyembamba zilizotandazwa kwa mlalo. Umeme wa gitaa uliingia upande mmoja ukazitikisa springi, nazo zikaendelea kutetemeka baada ya kidole kuacha uzi, na mtetemo huo ukachukuliwa upande wa pili ukarudishwa kwenye spika. Mtu akilipiga teke sanduku hilo kwa bahati mbaya, ukumbi mzima husikia radi. Kampuni ya Leo Fender, iliyouza vifaa hivyo, ilimtumia Dick Dale kama mjaribu wa mitambo yake, kwa sababu alipiga kwa nguvu kiasi cha kuunguza spika. Mashine zilizoweza kumhimili yeye ziliweza kuhimili ukumbi wowote duniani, zikiwamo kumbi za Afrika zilizozipokea miaka kumi baadaye.

Roki ya mawimbi ilikuwa kazi ya wanafunzi wa sekondari zaidi kuliko ya wanamuziki wa mshahara. The Chantays walikuwa vijana wa shule walipotoa Pipeline, wimbo uliovuma mwaka 1963. The Surfaris, waliotoa Wipe Out mwaka huo huo, nao walikuwa wadogo vile vile. Februari 1964 The Beatles walionekana kwenye televisheni ya Marekani, na mashabiki wakahama kwa wingi. Bendi nyingi za mawimbi zilikufa zikiwa na umri wa miaka miwili au mitatu, kila moja ikiacha wimbo mmoja unaojulikana na vijana wanne au watano waliorudi shule au kwenda kazini. Hivyo bendi ya gitaa za umeme yenye maisha mafupi si kioja cha Afrika Mashariki. Hata pale muziki huo ulipozaliwa, penye umeme wa uhakika na maduka ya gitaa kila mji, bendi zilikufa changa. Tofauti iko katika kilichoziua.

Afrika Mashariki ilipokea gitaa la umeme kwa njia mbili. Ya kwanza ilipita Kongo, ikaleta rumba na kuzaa muziki wa dansi kama unavyojulikana leo. Ya pili ilipita kwenye santuri na filamu za Uingereza na Marekani, ikaleta twisti. Nairobi ndiyo iliyoshika twisti kwa mikono miwili. Katika studio ya Equator Sound ya Charles Worrod walikusanyika Fadhili William, Daudi Kabaka, Gabriel Omolo na wenzao, wakatengeneza nyimbo fupi za Kiswahili zenye gitaa safi linalorukaruka. Wimbo wa Kabaka, Helule Helule, ulivuka bahari hadi bendi ya Uingereza, The Tremeloes, ikaurekodi mwaka 1968 na kuingia nao kwenye orodha ya nyimbo zilizouzwa sana kwao.

Katika bendi ya studio hiyo ya Nairobi walikuwamo wanaume wawili waliotoka Zambia, Nashil Pichen Kazembe na Peter Tsotsi Juma. Mtu wa Mkoa wa Songwe, mpakani mwa Tanzania na Zambia, hana haja ya kuambiwa maana yake. Njia ya nchi kavu kati ya Lusaka na Nairobi hupita Tunduma, na kabla ya Sunburst kwenda kurekodi Zambia, wanamuziki walikuwa wamekwisha kuizoea njia hiyo kwa kuelekea upande mwingine. Hata bendi ya Musi-O-Tunya ya Rikki Ililonga, mojawapo ya zile zilizoanzisha roki ya Zambia, ilikwenda Kenya kutafuta soko na studio katika miaka ya mwanzo ya 1970.

Dar es Salaam ya mwaka 1970 haikuwa mahali rahisi pa kuanzisha bendi ya roki. Miaka miwili nyuma, Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala, ulikuwa umetangaza Operesheni Vijana, kampeni iliyoanza kutekelezwa Januari 1969 dhidi ya sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na mengine yaliyoitwa utamaduni wa kigeni. Novemba 1969 Mkuu wa Mkoa wa Pwani, Mustafa Songambele, alipiga marufuku muziki wa soul mjini Dar es Salaam. Serikali ilikuwa na hoja yake. Tangu hotuba yake ya Desemba 1962, alipounda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, Julius Nyerere alikuwa amelalamika kwamba Waafrika walifundishwa kucheza rumba na twisti huku wakizionea haya ngoma za kwao. Vijana nao walikuwa na hoja yao, ingawa hawakuwa na wizara ya kuisemea. Walivaa pekosi zenye miguu mipana na viatu vya raizoni vyenye soli nene, wakafuga nywele za afro, na Jumapili mchana wakaenda bugi, dansi la mchana ambalo wanafunzi waliweza kuhudhuria na kurudi nyumbani kabla ya kuulizwa walikuwa wapi.

Marufuku hayo yaliacha mwanya mkubwa, nao ndio Sunburst ilioutumia. Kilichokatazwa kilikuwa kuiga. Bendi iliyopiga gitaa la roki lakini ikaimba Kiswahili, ikazungumzia Afrika na ikaingiza ngoma za asili haikuwa rahisi kuiita ya kigeni. Majina ya nyimbo zao yanaonyesha jinsi walivyolijua hilo: Enzi za Utumwani, Simba Anguruma, Black Is Beautiful, Ave Africa. Haya si majina ya vijana wanaotaka kufanana na London. Lakini itakuwa ni kuwaonea kusema walijipaka Uafrika ili kumkwepa mkuu wa mkoa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 roki yenyewe ilikuwa inageukia Afrika. Osibisa, bendi ya Waafrika Magharibi na watu wa visiwa vya Karibi iliyokuwa London, ilikuwa imeuza santuri dunia nzima kwa kuchanganya ngoma za Ghana na gitaa la umeme, na watu weusi wa Marekani walikuwa wakiimba waziwazi kuhusu rangi yao. Siasa ya Dar es Salaam na mtindo wa dunia vilikutana njiani, na Sunburst ilikuwa imesimama pale pale vilipokutana.

Tatizo lao kubwa halikuwa siasa. Lilikuwa vyombo. Katika muziki wa dansi wa Tanzania, swali la kwanza kuhusu bendi yoyote ni nani mwenye vyombo. Mwanamuziki alikuwa na kipaji chake na mashati yake ya jukwaani, lakini magitaa, tumba, dramu, maspika na vikuza sauti vilikuwa mali ya mtu mwingine. Serikali na taasisi zake zilikuwa zimeanza kulijibu swali hilo kwa namna yao. Jumuiya ya wafanyakazi ilikuwa na NUTA Jazz tangu mwaka 1964, Polisi walikuwa na bendi yao, na mwaka 1971 Umoja wa Vijana wa TANU ukaunda Vijana Jazz. Mwanamuziki wa bendi ya taasisi alilipwa mshahara na alipewa vyombo, na spika ikiungua alikuwapo mtu wa kupelekewa ombi la kununua nyingine. Bendi hizo ndizo zilizodumu miongo mingi, na si kwa sababu zilikuwa na wapigaji bora kuliko wote.

Bendi za roki na soul hazikuwa na taasisi. Zilitegemea kiingilio cha mlangoni na mfanyabiashara aliyekubali kununua vyombo kwa matumaini ya kurudisha fedha zake. Muziki wao pia ulikula vyombo haraka kuliko rumba. Gitaa la rumba hupigwa kwa sauti safi, na kikuza sauti cha wastani kinalimudu. Gitaa la roki linataka kikuza sauti kifanyishwe kazi hadi ukingoni mwa uwezo wake, kwa sababu mkwaruzo unaotoka hapo ndio utamu wenyewe. Valvu zinaungua, karatasi za spika zinachanika, nyuzi zinakatika. Vipuri vyote hivyo vilinunuliwa kwa fedha za kigeni, na baada ya bei ya mafuta kupanda duniani mwishoni mwa mwaka 1973, nchi ikiwa pia na ukame na upungufu wa chakula, hakuna ofisa ambaye angeidhinisha dola kwa ajili ya valvu za gitaa huku meli za mahindi zikisubiri kulipwa. Bila shaka ofisa huyo alikuwa sahihi, na bila shaka pia bendi zilikufa kwa sababu ya hilo.

Kurekodi nako kulikuwa na mlango mmoja. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa ndiyo studio ya taifa. Bendi ilipeleka kwanza maneno ya nyimbo yake yakapitiwa, na yalipokubaliwa ikapangiwa siku. Wapigaji walisimama wote katika chumba kimoja, vipaza sauti vikapangwa mbele yao, mkanda ukaanza kuzunguka na wimbo ukapigwa wote kwa mkupuo. Aliyekosea katika ubeti wa mwisho aliwarudisha wenzake mwanzo. Fundi mitambo hakuwa na namna ya kulitoa gitaa peke yake na kulirekebisha baadaye, kwa hiyo usawa wa sauti ulipatikana kwa kumsogeza mpigaji tarumbeta nyuma au kumwambia mpiga tumba apunguze. Utaratibu huo ulizaa rekodi zenye uhai wa aina yake, na mamia ya nyimbo zilizopendwa zilipatikana kwa njia hiyo. Lakini roki ya wakati ule ilikuwa imekwisha kuhamia kwenye mikanda yenye njia nyingi, ambako gitaa moja liliwekwa juu ya jingine na mwangwi ukaongezwa kazi ilipokwisha. Katika nyimbo za Sunburst za 1973 inasikika bendi ya jukwaani, watu wanaotazamana usoni wakipiga.

Wimbo uliorekodiwa redioni ulipigwa redioni, basi. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Bendi iliyotaka sahani ya kuuza dukani ilikwenda Nairobi, ambako kulikuwa na kampuni, studio na kiwanda. Njia hiyo ilitumiwa na karibu kila bendi kubwa ya Tanzania hadi Februari 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika. Mwaka 1974 likaundwa Baraza la Muziki la Taifa, BAMUTA, kusimamia muziki nchini, lakini baraza halikuja na mashine ya kukandamiza plastiki.

Zambia ilikuwa na mashine hiyo. Kampuni ya Teal ilikuwa na kiwanda cha santuri mjini Ndola, katika mkoa wa shaba, na kampuni nyingine ndogo, kama Zambia Music Parlour ya Edward Khuzwayo, zilitoa kazi za vijana. Shaba ilikuwa imewapa wachimbaji mishahara ambayo mfanyakazi wa Tanzania aliiota tu, na wachimbaji hao walinunua santuri, gramafoni na tiketi za dansi. Rais Kenneth Kaunda, ambaye mwenyewe alikuwa mpiga gitaa, aliagiza katika miaka ya 1970 kwamba asilimia 95 ya muziki unaopigwa redioni uwe wa Zambia. Kwa kuwa vijana wa Zambia hawakuwa na hazina kubwa ya santuri za dansi kama ya Kongo, walijaza nafasi hiyo kwa kile walichokipenda, gitaa zito lenye mkwaruzo, maneno ya Kiingereza, Kibemba na Kinyanja, na mapigo ya ngoma za vijijini. Muziki huo ukaitwa zamrock.

Kikundi mashuhuri kuliko vyote kilikuwa WITCH cha Emmanuel Chanda, aliyejiita Jagari kwa kumfuata Mick Jagger. Paul Ngozi alikuwa na Ngozi Family. Amanaz walitoa santuri moja, Africa, mwaka 1975, na hawakuwahi kutoa ya pili. Santuri hiyo moja ina kisa kinachowaunganisha na vijana wa California. Ilisawazishwa mara mbili, mara ya kwanza kavu na mara ya pili ikiwa imejazwa mwangwi, na wapenzi wa zamrock wanabishana hadi leo ni ipi iliyo bora. Yenye mwangwi ina ukungu wa namna fulani, sauti zinasikika kana kwamba zinatoka chumba cha pili. Ile kavu inaonyesha jinsi wapigaji walivyokuwa hodari. Mwenye masikio ya haki ataipigia kura ile kavu.

Huko ndiko Sunburst ilikopata santuri yake kubwa. Njia kati ya Dar es Salaam na Zambia ilikuwa imebadilika kabisa ndani ya miaka kumi. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa walowezi Novemba 1965, Zambia ilipoteza njia yake ya kusini, na mafuta yake yakaanza kupitishwa Tanzania kwa malori kwenye barabara ya udongo yenye kuua watu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968. Barabara ya lami ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, iliyojengwa kwa msaada wa China, ilikabidhiwa rasmi Julai 1976. Tunduma, iliyokuwa kituo kidogo cha mpakani, ikawa lango la shaba, mafuta, mahindi, wapigania uhuru na wachuuzi. Mwaka ule ule wa treni hizo ndio mwaka wa Ave Africa.

Santuri hiyo inaichukua bendi ikiwa imekomaa. Ina nyimbo za Kiswahili na za Kiingereza, na lugha hizo mbili zinawaonyesha wasikilizaji waliokusudiwa: watu wa nyumbani, ambao wengi wao wasingeiona sahani hiyo dukani, na Wazambia, ambao wasingeelewa kila neno la Kiswahili lakini wangeelewa gitaa. Ilikuwa bidhaa ya kuuzwa pande zote mbili za mpaka. Mpango huo ulikuwa wa busara. Ulikuja katika wakati mbaya.

Bei ya shaba ilikuwa imefikia kilele chake Aprili 1974. Kufikia mwaka 1975 ilikuwa imeanguka kwa zaidi ya nusu, na katika nchi ambayo karibu fedha zake zote za kigeni zilitokana na shaba, anguko hilo lilifika kila mahali, hadi kwenye studio. Mpaka wa Rhodesia ulikuwa umefungwa tangu Januari 1973. Agosti 1975 vita vya Angola vikaifunga pia reli ya Benguela iliyokuwa ikipeleka shaba kwenye Bahari ya Atlantiki. Bidhaa za dukani zikaadimika, na santuri ikawa anasa. Bendi za zamrock zilianza kupungua moja baada ya nyingine, zikaachia nafasi disko, ambayo haihitaji wapigaji watano wala tumba, bali mtu mmoja na mashine mbili za kuzungusha sahani. Bendi ya kigeni katika nchi yenye hali hiyo haikuwa na pa kushika. Sunburst ilikwisha muda mfupi baada ya santuri yake kutoka.

Nyumbani nako hapakuwa na kiti kilichoachwa wazi. Afro 70 ya Patrick Balisidya, iliyokuwa imeanza karibu wakati mmoja na Sunburst, ilikuwa imechagua njia ya kati, dansi lenye ladha ya Kigogo na gitaa la kisasa, na ndiyo iliyokwenda kuiwakilisha Tanzania kwenye tamasha la FESTAC mjini Lagos mwaka 1977. Orchestra Maquis na bendi nyingine zenye asili ya Kongo zilikuwa zimeteka kumbi za Dar es Salaam. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na baada ya vita hivyo uchumi uliobaki haukuwa wa kununulia magitaa. Bendi za taasisi zilipita katika kipindi hicho kwa kubanana. Zile za roki hazikupita.

Kwa mtu wa Kamsamba, huko Songwe, muziki huu wote ulifika kwa redio au haukufika kabisa. Kamsamba iko chini bondeni, kwenye mto Momba unaokwenda kumwaga maji Ziwa Rukwa, na mtu anayetoka Mlowo au Tunduma huteremka kutoka nyanda za juu zenye baridi hadi kwenye joto la mashamba ya mpunga. Ziwa lenyewe ni la kina kifupi na lina mamba wengi kuliko mbao za kutelezea, hivyo roki ya mawimbi haikuwa na matumaini ya kuzaliwa hapo. Lakini masafa mafupi hayaoni mlima wala mpaka. Redio ya National, iliyotengenezwa na kiwanda cha Matsushita cha Dar es Salaam, ilikuwa na mkanda wa kutosha kuipata Radio Tanzania na pia redio ya Lusaka, na kwa jamii kama Wanyamwanga, ambao ukoo mmoja unaweza kuwa na nyumba Tunduma na nyumba Nakonde, upande wa Zambia, kusikiliza redio ya ng'ambo hakukuwa kusikiliza ya kigeni. Kilichopunguza muziki kilikuwa betri. Zilianikwa juani zikaongezewa siku mbili tatu za uhai, zikatunzwa kwa ajili ya taarifa ya habari, na salamu na muziki vikapata masalio.

Kwa hiyo ramani ya Sunburst ikichorwa kutoka bonde la Rukwa haifanani na ile inayochorwa kutoka Dar es Salaam. Kutoka pwani, kurekodi Zambia kunaonekana kama kwenda mwisho wa dunia. Kutoka Songwe, kiwanda cha santuri cha Ndola hakikuwa mbali kuliko studio ya Radio Tanzania, na zamrock ilikuwa muziki wa jirani.

Mikanda na santuri za miaka hiyo zilikuwa na bahati tofauti. Mikanda ya Radio Tanzania ilibaki kwenye rafu za redio ya taifa, ambayo sasa ni TBC, na sehemu yake ndiyo inayolisha vipindi vya Zilizopendwa. Vipindi hivyo hupenda dansi la rumba, na roki ya Dar es Salaam haisikiki humo mara nyingi. Santuri za Zambia zilisambaa majumbani na sokoni, zikakwaruzika, hadi wakusanyaji wa Ulaya na Marekani walipoanza kuzitafuta mwanzoni mwa karne hii. Nakala safi ya santuri ya zamrock iliyouzwa kwa kwacha chache mwaka 1975 ikawa inauzwa kwa mamia ya dola. Kampuni ya Now-Again ya Marekani ilizitoa upya kazi za WITCH na Amanaz, Jagari Chanda akarudi jukwaani akiwa mzee na kuzunguka Ulaya na Marekani, na mwaka 2023 jina la WITCH likatoka kwenye santuri mpya iitwayo Zango.

Zamu ya Sunburst ilifika mwaka 2016. Kampuni ya Strut ilikusanya nyimbo za Radio Tanzania za mwaka 1973, santuri ndogo na Ave Africa yote, ikazitoa pamoja zikiwa zimesafishwa, ikiwa mara ya kwanza kwa kazi zote za bendi hiyo kupatikana mahali pamoja. Mkusanyiko huo unapatikana pia kwenye intaneti, na kwa mwenye simu na bando, Enzi za Utumwani sasa inasikika Kamsamba bila kusubiri ipangwe na mtangazaji.